Limewaka dakika mbili, likazima: filta mpya ya dizeli na upepo uliobaki ndani

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser pikapu ya 2006, hii tunayoiita mkonga, injini 1HZ. Nabeba kahawa na mbolea kati ya vijijini huku Umatengoni na Mbinga mjini. Kwa wiki mbili gari likipanda mlima na mzigo linakosa nguvu, kama limeshikwa shati kwa nyuma. Tambarare linarudi sawa. Kuna taa ya njano kwenye dashibodi ilikuwa ikiwaka asubuhi, baadaye inazima. Fundi wa hapa alifungua filta ya dizeli, akaipuliza kwa upepo wa kompresa, akairudisha. Siku tatu likawa zuri, kisha tatizo likarudi. Nikanunua filta mpya, nikafunga mwenyewe. Likawaka, likaunguruma kama dakika mbili, likazima, na halijawaka mpaka leo. Nimepiga stata mpaka betri imechoka. Watu wananiambia pampu imekufa. Je, ni kweli? Na nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujasoma zaidi, chomoa funguo uuweke mfukoni. Stata ikipigwa mfululizo inaungua, na ikiungua utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Betri ipeleke ikachajiwe wakati unasoma haya.

Pampu yako haijafa. Nasema hivyo nikiwa mbali, bila kuigusa, kwa sababu ya hizo dakika mbili ulizozitaja. Pampu iliyokufa haiwashi injini dakika mbili halafu ikaghairi. Ulipofungua filta, dizeli iliyokuwa imeshapita, ile iliyo kwenye bomba la mbele na tumboni mwa pampu, ilibaki palepale. Injini iliwaka kwa akiba hiyo. Akiba ilipoisha, kilichofuata nyuma yake kilikuwa upepo. Dizeli haibanwi ikabanika, kwa hiyo pampu ikiisukuma, nozo, kile kidude kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda, inafunguka. Upepo ukisukumwa unajikunja tu kama puto, nozo haipati msukumo wa kuifungua, na hata upige stata hadi kesho hakuna kitakachoungua mle ndani.

Sasa, upepo umeingiaje na wewe hukuona dizeli ikivuja popote? Kwenye 1HZ hakuna pampu ndani ya tangi inayosukuma mafuta kuja mbele. Pampu ya dizeli iliyo ubavuni mwa injini ndiyo inayoyanyonya kutoka tangini, yanapita kwenye filta, yanaifikia. Ni kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Mrija ukitoboka juu ya chupa, soda haimwagiki. Anayenyonya anapata hewa. Ndiyo maana unapapasa filta yote, mkono unatoka mkavu, unasema haivuji. Inavuja, ila inavuja kuelekea ndani.

Mahali pa kwanza ninapopashuku, na ningeweka dau, ni mpira wa filta ya zamani. Ukifungua kopo la filta lililokaa muda mrefu, mara nyingi ule mpira mweusi wa duara hautoki na kopo. Unabaki umeganda juu, kwenye kichwa cha filta, na kwa kuwa wote ni weusi na umelowa dizeli, jicho halioni. Unafunga filta mpya yenye mpira wake, sasa mipira ni miwili imekaliana. Inabana kidogo mwanzoni, halafu mmoja unateleza pembeni. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo nikiwa na miaka minne ya kazi gerejini, na mwenye gari akazimikiwa katikati ya mteremko na mzigo wa mahindi. Tangu siku hiyo sifungi filta yoyote, ya oili wala ya dizeli, kabla ya kupitisha kidole kuzunguka kichwa chote. Macho hayatoshi, pitisha kidole.

Mahali pa pili ni chini ya filta. Sensa ya maji imefungwa kwenye kitako cha kopo, na unapobadili filta unaihamisha kutoka ya zamani kwenda mpya. Ina oringi yake ndogo, yaani mpira mwembamba wa duara. Watu wanaisahau kwenye filta ya zamani, au wanairudisha ile ile iliyokwisha kuwa bapa na ngumu kama plastiki. Filta nzuri huja na oringi mpya ndani ya boksi, kwenye kijimfuko kidogo ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi. Kama boksi lako bado lipo, hebu likung'ute.

Mahali pa tatu hapana kosa la kufunga: hukutoa upepo vya kutosha. Filta mpya huja kavu, na kopo zima ni upepo mtupu mpaka ulijaze.

Kwa hiyo kazi ni kuirudia yote, taratibu. Tafuta mahali pasipo na vumbi. Barabarani pembeni ya malori yanayopita si mahali. Tayarisha spana namba 17, spana ya mkanda ya kufungulia filta, beseni, chupa mbili za maji za plastiki zisizo na rangi, tambara lisilotoa nyuzi, na dizeli safi kama lita tano kwenye dumu ambalo halijawahi kuwekwa kitu kingine. Tambara la fulana ya zamani linafaa kuliko pamba. Uzi mmoja wa pamba ukiingia upande wa mbele wa filta hakuna kitu cha kuuzuia tena kabla ya pampu.

Safisha kabla ya kufungua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu gari kwa mikono yao. Kichwa cha filta kina tope la miaka. Ukifungua kopo hivyo hivyo, mchanga unadondoka kwenye tundu la katikati, ambalo ndilo linalopeleka mafuta kwenye pampu. Piga mswaki na dizeli kidogo, futa, piga tena, mpaka uone chuma. Robo saa ukiitumia hapo hujaipoteza.

Kisha chomoa soketi ya waya ya sensa kule chini. Usianze kuzungusha kopo kabla ya hapo, kwa sababu sensa inazunguka nalo na waya unajiviringisha mpaka unakatika ndani, kwa nje unaonekana mzima. Weka beseni, legeza kifundo cha kumwagia maji kilicho chini ya sensa, pampu mara chache kwa kile kitufe kilicho juu ya kichwa cha filta (ndiyo pampu ya mkono), na yote yanayotoka yapokee kwenye chupa ya kwanza. Funga chupa, iandike "filta", iweke pembeni isimame. Tutairudia.

Fungua kopo. Liinamishe polepole, lina mafuta. Pitisha kidole kichwani kuzunguka. Ukikuta mpira umebaki, umeshapata jibu la swali lako, lakini usiishie hapo, endelea na mengine. Futa uso wa chuma mpaka kidole kiteleze bila kukwama. Hamisha sensa kwa mkono, ukiishika na tambara. Ni plastiki, koleo linaipasua. Oringi yake mpya ipake dizeli kwanza. Ikiingia kavu inajikunja, inakatika ukingo mmoja, na mpasuko wenyewe ni mdogo kama ukucha wa mtoto.

Kuna ubishi wa siku zote kuhusu kujaza filta kwa dizeli kabla ya kuifunga. Wapo mafundi wazuri wanaojaza. Mimi sijazi, na sababu yangu ni moja: dizeli unayomimina kwa mkono haijachujwa. Ukiimimina kwenye tundu kubwa la katikati umeiruka karatasi yote na kuipelekea pampu uchafu moja kwa moja, yaani umenunua filta halafu umepita nyuma yake. Pampu ya mkono ipo kwa kazi hiyo, itumie. Kama pampu ya mkono imekufa na huna njia nyingine, mimina kwenye vitundu vidogo vya pembeni, polepole, na tundu la katikati liwe limezibwa kwa kidole.

Mpira wa kopo jipya upake dizeli pia, si grisi. Pandisha kopo kwa mkono, sikiliza hesi, yale meno ya kuzungushia, zikishikana bila kulazimisha. Mpira ukigusa chuma, ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono. Spana ya mkanda ni ya kufungulia tu. Ukiibana kwa spana, mpira unatoka nje ya mfereji wake na utaanza kunyonya upepo tena, na siku ya kuifungua utalikunja kopo kama kopo la maziwa.

Sasa upepo. Pampu kwa mkono. Mwanzo kitufe kitakuwa laini, kinashuka bila kukataa. Endelea, inaweza kufika mara hamsini au zaidi, filta ni kavu na bomba refu. Kikianza kuwa kigumu, mwambie mwenzako akishikilie kimebanwa chini, wewe legeza nusu mzunguko bolti ya bomba linaloingia kwenye pampu ya dizeli. Itatoka povu, inachemkachemka kama soda iliyotikiswa. Kaza kabla mwenzako hajaachia. Pampu tena, legeza tena, kaza. Mara ya tatu au ya nne itatoka dizeli tupu, mstari mmoja usio na povu. Hapo umeshinda nusu ya vita.

Washa hita za kupasha silinda moto, subiri taa ya koili izime, kisha piga stata sekunde kumi, si zaidi. Ikikataa, ipumzishe dakika nzima. Ikikataa mara tatu, upepo umebaki kwenye mabomba ya nozo. Kwa spana yako namba 17 legeza nati za mabomba mawili au matatu pale juu ya nozo, robo mzunguko tu, mwenzako apige stata mpaka uone dizeli inaruka badala ya kutema povu, kaza. Injini itaanza kukohoa kwa silinda mbili, kisha tatu, itatikisika kama mgonjwa wa malaria, itatoa moshi mweupe, halafu itatulia. Usitishike na moshi huo, ni dizeli iliyopita bila kuungua. Nati za nozo nazilegeza kwenye 1HZ kwa sababu ni injini ya zamani yenye pampu ya kawaida. Usije ukamfanyia jirani yako mwenye Hilux ya D-4D, injini mpya zaidi yenye shinikizo kubwa la mafuta, nitaeleza chini.

Tuseme umefanya yote na bado inazima. Usinunue kitu. Kuna jaribio linalomaliza ubishi wote, na halina gharama. Chukua lile dumu la dizeli safi, liweke chini kando ya injini, usawa wa tangi, ili pampu iendelee kunyonya, boneti ikiwa wazi. Chomoa mpira unaotoka tangini kabla ya filta, weka mahali pake mpira mwingine unaoingia dumuni. Toa upepo, washa. Injini ikitulia na kukaa bila kuzima mradi dumu bado lina dizeli, basi filta, pampu na nozo ni wazima, na ugonjwa uko nyuma: mpira uliopasuka chini ya bodi, bomba lililoliwa na kutu, au tangi lenyewe. Ikizima hata kwa dumu, ugonjwa uko mbele, na wa kwanza kumshuku ni pampu ya mkono. Ndani yake kuna ngozi ya mpira inayochakaa. Ikipasuka, inanyonya upepo kwa juu na kwa nje huoni kitu zaidi ya unyevu kidogo kuzunguka kitufe. Ukiweza kupata kipande cha mpira mng'avu, kama ule wa dripu lakini mnene, ukaufunga kwa muda kati ya filta na pampu, utaona mapovu yakipita kwa macho yako mwenyewe. Mapovu yakipita, kuna tundu.

Kitu kimoja kidogo zaidi, kwa sababu ulikuwa umeinama pale pale: ukiwasha swichi bila kupiga stata, sikiliza pampu ya dizeli. Inapaswa kutoa sauti ya "tik" moja. Ni vali ya umeme inayofungua mafuta. Kama kimya, waya wake umeuchomoa kwa kiwiko wakati unahangaika na filta. Nimeshaitwa kijiji cha mbali, safari ya saa mbili, kwa ajili ya waya huo mmoja.

Kuhusu betri, angalia kwanza. Ziko Land Cruiser za volti 24, zenye betri mbili. Kama yako ni hiyo, usikubali mtu akuletee betri moja ya Noah na waya za kuunganishia.

Sasa turudi kwenye mwanzo wa tatizo, maana filta mpya ikikaa vizuri gari litawaka, utafurahi, na baada ya wiki tatu utaniandikia tena.

Kukosa nguvu mlimani tu, na tambarare kuwa sawa, ni picha kamili ya filta iliyoziba. Tambarare injini inataka mafuta kidogo, na kidogo hicho kinapita hata kwenye filta iliyojaa uchafu. Mlimani na magunia thelathini nyuma, unakanyaga mafuta mpaka chini, pampu inanyonya kwa nguvu, na karatasi haipitishi. Tena milima yenu huko Umatengoni haina huruma.

Kuipuliza kulisaidia siku tatu, na siku tatu hizo ndizo zinazowadanganya watu. Filta ya kopo haioshwi wala haipulizwi. Karatasi yake ina vitundu vidogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Upepo wa kompresa unafanya moja kati ya mawili: unaung'oa uchafu na kuutupa upande wa pampu, au unaipasua karatasi. Yote mawili yanarudisha nguvu mara moja, kwa kuwa njia imefunguka. Ila sasa yanayopita hayajachujwa. Pampu ya 1HZ haina oili yake, inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, kwa hiyo mchanga ukipita unasaga vyuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa. Fundi aliyekupulizia hakuwa na nia mbaya. Huenda hakukuwa na spea dukani siku ile. Lakini usirudie, hata kama uko porini. Bora utembee mwendo wa konokono na filta iliyoziba mpaka ufike dukani.

Taa ya njano asubuhi ni maji. Ndani ya ile sensa kuna boya dogo linaloelea juu ya maji lakini linazama kwenye dizeli. Maji yakijaa kitakoni, boya linapanda, taa inawaka. Usiku gari likilala, maji yote yanatulia chini, ndiyo maana unaiona asubuhi. Ukiondoka yanatikisika, taa inazima, na wewe unadhani yameisha. Usiichanganye na taa iliyoandikwa T-BELT. Hiyo ni ya mkanda wa taimingi na huwaka kilomita za kuubadilisha zikifika. Ukiwa umenunua gari la mkononi na hujui mkanda ulibadilishwa lini, ulizia mapema, maana 1HZ ikikatika mkanda utashusha injini.

Sasa ichukue ile chupa uliyoiandika "filta". Imeshasimama saa nzima. Iinue kwenye mwanga wa jua. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakuwa chini, na mstari utauona kama umekatwa kwa wembe. Chini kabisa kuna masimbi. Yakiwa ya rangi ya matofali, tangi linakula kutu kwa ndani. Yakiwa mchanga unaochezacheza ukitikisa, uchafu unaingilia mdomoni, mfuniko wa tangi au dumu la muuzaji. Ukikuta kitu cheusi chenye utelezi kama mlenda, hao ni vijidudu. Wanaishi pale dizeli inapokutana na maji, na wakishaota kwenye tangi watakuzibia filta moja baada ya nyingine mpaka tangi lishushwe lioshwe. Katika miaka yangu ya kazi, watu wengi waliokuja kwangu wakilalamika kwamba "filta za siku hizi ni mbovu" walikuwa na chupa ya namna hii, ila hawakuwahi kuitazama. Walikuwa wanaimwaga chini pamoja na filta ya zamani.

Kama kuna maji, tangi lina maji zaidi. Liegeshe gari usiku kucha mahali palipo sawa, asubuhi kabla ya kuwasha legeza plagi iliyo chini ya tangi, taratibu, na pokea lita moja au mbili za kwanza kwenye chupa ya pili. Maji yatatoka ya kwanza. Yakitoka safi tangu mwanzo, tatizo ni dogo. Usifanye hivyo huku ukivuta sigara, na usimwage chini. Kuna watu wanakunywa maji ya kisima hapo jirani.

Maji yanatoka wapi? Huku kwetu nyanda za juu, Juni na Julai usiku ni baridi kali. Tangi likilala nusu, nusu ya juu ni hewa yenye unyevu, na unyevu huo unageuka matone kwenye kuta za tangi kama jasho la chupa ya soda ya baridi, unatiririka chini. Kila siku matone machache tu. Msimu wote wa kahawa yanaweza kujumlika. Kwa hiyo jaza tangi jioni, siyo asubuhi. Fedha ni zile zile. Chanzo cha pili ni madumu. Najua sheli ziko mbali na vijijini, na najua dumu lina bei ya kuvutia. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambua mafuta halisi, mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili isilipe tena kuyachanganya na dizeli. Lakini kinasaba hakioni maji ya mvua yaliyoingia kwenye dumu lisilo na mfuniko. Ukilazimika kununua dumu, liache lisimame saa mbili, mimina kwa kuchuja na kitambaa kizito, na robo ya chini usiimimine kabisa, hata ikuume. Ukichanganyiwa mafuta ya taa, hapo filta haikusaidii chochote. Yanapita kama dizeli, na pampu inakosa ulainisho.

Kuhusu filta uliyonunua, linganisha na ya zamani kabla ya kuiamini. Kwa 1HZ namba ya Toyota inayojulikana sana madukani ni 23303-64010, lakini feki nazo zimeandikwa namba hiyo hiyo, kwa hiyo namba peke yake si ushahidi. Shika zote mbili mkononi. Feki mara nyingi ni nyepesi, karatasi ndani ni chache. Hesi zake zina makwaruzo, rangi inabanduka kwa ukucha, na mpira ni mgumu, ukiubonyeza haurudi. Niliwahi kununua kumi kwa mkupuo kwenye duka moja kwa kuwa bei ilinilevya. Nilipokata moja kwa msumeno, karatasi ilikuwa na mikunjo michache, imegundishwa upande mmoja tu. Mafuta yalikuwa yanapita pembeni. Tisa zilizobaki nazitumia kufundishia vijana.

Badilisha kila kilomita 10,000, yaani kila ukimwaga oili mara mbili. Kitabu cha gari kinaweza kukupa zaidi ya hapo, lakini walioandika kitabu hawakuwa wakifikiria dumu la kijijini. Maji mwage kila wiki wakati wa msimu, ni kazi ya dakika tatu.

Sasa jirani yako mwenye Hilux ya D-4D. Kazi inafanana kwa sura: kusafisha, oringi mpya, pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Tofauti ni kwamba nyingi hazina kopo la kutupa, bali bakuli lenye kichujio cha ndani, na oringi kubwa ya bakuli ina mfereji wake. Ikikaa nje ya mfereji hata upande mmoja, ni hadithi ile ile ya mrija uliotoboka. Nyingine kubwa ni shinikizo. Mbele ya pampu, kwenye mabomba yale ya chuma yanayoelekea kwenye nozo, shinikizo linaweza kupita bar 1,000. Tairi la pikapu lina mbili hadi nne. Mafuta yakitoka kwenye tundu la sindano kwa nguvu hiyo yanapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na kidonda kwa nje kinaonekana kama cha mwiba. Mtu akipigwa hivyo, aende hospitali saa ile ile, asingoje kivimbe. Kwa hiyo kwenye injini hizo hakuna kulegeza nati ya nozo, stata ikipigwa au injini ikiwa inaunguruma. Upepo unatolewa kwa pampu ya mkono peke yake, na kwa subira. Na usizipige stata zikiwa kavu, pampu zake ni ghali kuliko ng'ombe watatu.

Tukirudi kwako. Likiwaka, liache likae dakika kumi na tano, lipandishe mzunguko kidogo, bila mzigo. Zima, subiri nusu saa, washa tena. Hilo la pili ndilo muhimu: likiwaka mara moja bila kusumbua, limeshika; likitafutatafuta kabla ya kuwaka, bado kuna tundu na dizeli inarudi tangini likilala. Likishika, panda mlima mmoja tupu, rudi, papasa kuzunguka mpira na kitako cha sensa kwa karatasi kavu ya chooni, kisha ndipo upakie magunia. Na zile chupa mbili usizimwage. Zipige picha zikiwa juani, moja pembeni ya nyingine, unitumie.